Msomaji wa Maandishi Madogo

Siku yangu ya kwanza kuuza magazeti stendi ya Babati, niliyamaliza kabla basi lililoyaleta halijageuza kurudi Arusha. Mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga, makarani wapya wana njaa ya habari, na mimi niliyeishia darasa la saba ndiye niliyewalisha.

Wazee wa kijiji cha Sigino wasioona vizuri niliwasomea kwa sauti, hadi matangazo ya maandishi madogo. Wakala mkuu, bosi wangu, akanifuma.

"Ukiwasomea bure, nani atanunua?"

"Bosi, mtu akionja atataka sahani nzima."

"Domo hilo litakufilisi!"

Halikunifilisi. Kilichonitikisa, miaka baadaye, ni simu za intaneti. Gazeti la matokeo ya mtihani halikuwa na marejesho, yaani likidoda ni lako. Mwaka ule, kwa kiburi changu, niliagiza marundo mawili. Hadi saa nne hakuna aliyegusa. Nikawa nazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Akaja Mama Neema, muuza maandazi wa Nangara.

"La matokeo hili hapa, dada!"

"Baba Asha, tuliyaona jana kwenye simu. Mimi nataka la kufungia maandazi."

"Yaani leo leo unalifungia maandazi?"

Hakucheka. Neema amefaulu, akasema, lakini fomu ya mkopo wa chuo, waliyoituma kabla ya matokeo, imerudishwa mtandaoni mara mbili, na dirisha la maombi linafungwa kesho. Bila mkopo, mtoto atabaki kukaanga maandazi.

"Nipe hiyo fomu."

Nikamsomea kwa sauti, mstari kwa mstari, kama nilivyowasomea wazee. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Kumbe walipeleka sahihi tupu! Nikampakia kwenye pikipiki yangu hadi kwa mwenyekiti. Jioni, kwenye kibanda cha intaneti, tukaituma tena, ikapokelewa.

Wiki iliyofuata niliuza pikipiki, nikanunua kompyuta iliyotumika. Wakala mkuu akanicheka: "Utaibonyeza kwa kiwiko?" Nilijifunza kwa vidole viwili. Wauzaji wenzangu wenye vyeti vya shule walingoja enzi ya magazeti irudi; mimi nilijaza fomu za mji mzima, kwa sababu watu hawakuwa wakinunua karatasi. Walinunua kuelewa.

Sasa nimemwachia binti yangu Asha meza, eti nipumzike. Siwezi. Honi ya basi ikilia nasimama. Jana nilimsomea mke wangu karatasi ya ndani ya boksi la dawa, yote, hadi anuani ya kiwanda.

"Baba Asha," akasema, "kesho rudi stendi."

Nimeshavaa viatu.