Kumpeleka Wakesho Luleå

Ndugu zangu wa Voi mmekuwa mkiniuliza mtu mwenye akili timamu anatokaje Stockholm kwenda kaskazini zaidi mwezi wa Februari. Jibu ni fupi: nilitaka binti yangu aichukie Luleå.

Wakesho ni mtoto wetu wa pekee. Anamaliza sekondari mwaka huu na anataka kusomea uhandisi wa ujenzi. Hapa Stockholm chuo kipo. Angekwenda asubuhi kwa treni na jioni akarudi kula nyumbani Spånga. Lakini moyo wake umeangukia chuo cha Luleå, kaskazini kabisa mwa Uswidi, karibu na mwisho wa ramani. Sikumkataza. Mtoto wa huku ukimkataza, umempa sababu. Nilimwambia tu, "Twende tukakione," nikachagua mwezi ambao baridi haina masihara. Ndege nikaikataa, nikakata tiketi za treni ili umbali aupate kwenye mifupa. Mimi nikajinunulia buti za theluji, kila moja nzito kama tofali.

"Buti zote hizo za siku tatu?" akauliza Mama Wakesho. Yeye peke yake ndiye niliyemweleza mpango wangu, na hakuupenda.

Ijumaa jioni tulipanda treni Spånga, tukabadilisha mjini na kuingia ile ya kaskazini. Umbali ulifika kwenye mifupa kweli, ila ya kwangu. Goti langu la kulia, lililochoshwa na mizigo ya ghalani Märsta ninakofanya kazi, lilinuna safari nzima. Wakesho alilala fofofo.

Asubuhi ya Jumamosi, dirishani hapakuwa na kitu ila misonobari na theluji. "Unaona?" nikamwambia. "Hakuna hata mtu." Akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba ni kuzuri. Nikanywa chai yangu.

Stesheni ya Luleå tulipokewa na Désiré, Mrundi anayeendesha basi mjini humo. Tulijuana kanisani kabla hajahama Stockholm. "Karibuni, muzee. Baridi ya huku iko kali, lakini kwangu kuko moto," akasema, akaninyang'anya begi. Mkewe alikuwa amepika maharage na ndizi. Nilikula kwa huzuni kidogo, maana nilitumaini ukarimu ungekuwa haba.

Mchana tulikwenda chuoni, ilikuwa siku ya kupokea wageni. Katika karakana moja wanafunzi walikuwa wakiiminya boriti ya zege kwa mashine mpaka ipasuke. Sisi wazazi tuliziba masikio. Wakesho alisogea, na mashine ilipozimwa akapitisha kidole kwenye ufa, akamuuliza mwanafunzi mmoja kwa nini umekwenda mshazari badala ya kushuka wima. Waliongea mpaka nikatafuta pa kukaa. Nilipomtazama usoni nilimwona yule mdogo aliyekuwa akijenga madaraja ya vijiko juu ya meza yetu. Hapo nikajua mpango wangu uko taabani.

Jumapili baada ya ibada, Désiré alitupeleka baharini. Bahari ilikuwa imeganda, na watu wanatembea juu yake na watoto na mbwa. Nilisimama ukingoni.

"Muzee, hapa hata gari inapita," akasema Désiré.

"Gari halina mke nyumbani," nikamjibu.

Akaniletea kiti kilichofungwa juu ya vyuma viwili virefu vya kuteleza kwenye barafu. Mmoja hukaa, mwingine husimama nyuma na kusukuma kwa mguu. Wazee wa huko hukitumia kwenda dukani. Kwa ajili ya goti, nikakaa. Wakesho akashika mpini. Mimi niliyemsukuma na kigari chake katika kila bustani ya Spånga, leo nasukumwa.

Tulikwenda hadi Désiré akabaki nukta ukingoni. Simwoni binti yangu, nasikia pumzi zake tu.

"Baba," akasema, safari hii kwa Kiswahili, "ulichagua Februari makusudi."

"Nani kakwambia?"

"Mama."

Sikuwa na pa kutazama ila mbele. "Na ukakubali kuja, huku unajua?"

"Nilitaka tuje Februari." Akasukuma kidogo. "Nikiumwa huku, ama nikipata shida, inaweza kuwa wakati kama huu. Nilitaka kuona kama wewe utaweza kufika."

Ndugu zangu, nililia, na machozi ya huko huganda kwenye kope. Chuo alishakichagua zamani. Aliyekuwa akipimwa ni mimi.

"Nimefika," nikamwambia.

"Nimeona, Baba."

Jumatatu tulirudi kwa ndege. Goti ndilo lililoamua. Njiani nilifikiri jinsi nilivyojisumbua kumwonyesha umbali, na kumbe umbali alikuwa ameshauhesabu. Alichobakiwa nacho ni swali kuhusu baba yake. Nimejifunza kwamba mtoto anayekwenda mbali haiulizi barabara urefu wake, huwatazama waliobaki.

Jioni, Spånga, Mama Wakesho alingoja binti aingie chumbani kwake. "Haya, baridi imemtisha?"

Nikavua viatu vyangu vya kawaida mlangoni. Akavitazama, akalitazama begi.

"Buti ziko wapi?"

"Nimeziacha kwa Désiré. Nitazikuta."

Alisimama ameshika taulo la jikoni, machozi yakimlengalenga.

"Basi Jumamosi," akasema, "twende tukanunue zangu."