Kisu cha Hotelini

Siku moja ninayo kichwani mpaka leo, mwanangu Edson, na umeiamsha wewe kwa ile picha uliyonitumia jana kwenye simu. Seti nzima ya visu vyenye mipini myekundu, vimechomekwa kwenye kigogo cha mbao, na chini umeandika: "Mama mkubwa, nimchukulie mke wangu Anitha hivi?" Nikavaa miwani, nikatazama tena. Vinang'aa kama meno ya wale watu wa matangazo ya dawa ya mswaki. Kabla sijakujibu, acha nikusimulie, maana kuna kisu kilichokaribia kunirudisha kwetu Muleba na mabegi yangu.

Nilikuwa nimeolewa hapa Isingiro si muda mrefu. Kahawa ilikuwa imeshauzwa, nyumba ina uchangamfu. Jikoni, mimi na mama mkwe tulikuwa na kisu kimoja tu. Kilikuwa kimenolewa miaka mingi hata bapa lake limebaki jembamba kama mwiba wa samaki, na mpini umefungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Mama mkwe akimenya ndizi, mimi nasubiri kukata nyama. Nikikata nyama, yeye anasubiri kumenya ndizi. Tukawa kama watu wanaopokezana kikombe kwenye kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Baba yako mkubwa Leopoldi, wakati huo kijana mwembamba mwenye haya, alituona hivyo. Asubuhi moja akapanda gari la kwenda Kayanga.

Siku aliyochagua ndiyo iliyokuwa na kasoro. Shangazi yangu alikuwa amefika kutoka Muleba kuja kuona naishije. Wewe hukumkuta huyo mama. Alikuwa akiingia mahali, hata kuku wanajipanga. Tukiwa tumekaa uani sote, yeye, mama mkwe, baba mkwe na mimi mkekani, Leopoldi akarudi akitabasamu peke yake, mkononi kabeba kitu kirefu kilichofungwa kwa karatasi ya zawadi yenye maua.

Mtu mwingine angesubiri mgeni aondoke. Yeye hakuweza. Akapiga magoti, akanikabidhi mbele ya wazee.

Nikafungua. Mwanangu, kilikuwa kisu kirefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, kipana, ncha imechongoka, kinameta mpaka jogoo akageuza shingo.

"Muuzaji kaniambia ndicho wanachotumia wapishi wa hoteli kubwa," Leopoldi akasema.

Baba mkwe akakohoa. Mimi nikashukuru kwa sauti ndogo, macho chini, nikikishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga asiye wangu.

Shangazi ndiye aliyesema kwanza. "Mwanetu, tulikuoza kwa mkulima au kwa mchinjaji?"

"Ni cha jikoni, shangazi," Leopoldi akasema haraka.

"Jikoni kwetu tunamenya ndizi. Nyie huku mnakata tembo?" Kisha akanigeukia mimi. "Mume anayekupa silaha mbele ya wazazi wake, anakwambia nini? Panga nguo zako. Kesho tunaondoka na gari la kwanza."

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni, sikuona utani. Alikuwa ameshaanza kuukunja mtandio wake. Niliogopa, maana nilikuwa nimempenda yule kijana, na kwa desturi zetu shangazi akisema neno lake, hata baba yangu mzazi asingelipangua kirahisi.

Mama mkwe hakupandisha sauti. Sijawahi kumsikia akiipandisha. Akasema, "Shangazi, mtu haondoki kwangu na njaa. Tule kwanza." Kisha akamwonyesha mwanawe mkungu wa ndizi uliokuwa umeegemezwa ukutani. "Leopoldi, mkungu ule pale. Mkeo asiguse kitu. Umeleta kisu, tuonyeshe kazi yake."

Siku hizo mwanamume kumenya ndizi uani, mchana kweupe, mkwe wake anatazama, halikuwa jambo dogo. Lakini alikaa. Akavuta kigoda, akachukua ndizi ya kwanza.

Wewe umekulia hapa, unajua jinsi ndizi mbichi inavyomenywa. Kisu kinataka kuwa kifupi, kidole gumba kikiongoze, ganda litoke jembamba. Sasa yeye akishika mpini, ncha iko huko mbele kama inaelekea Rubwera. Akivuta huku, inachoma kule. Maganda yakatoka na nusu ya ndizi. Ndizi aliyoianza ikiwa nene kama mkono wa mtoto, aliimaliza ikiwa kama penseli. Tena hakupaka mafuta mikononi, na hakuna aliyemkumbusha. Utomvu ukamganda vidoleni, ukamshika kwenye suruali, akajikuna shavu, shavu nalo likanata.

Hapo ndipo jirani yetu mmoja akapita na baiskeli. Akasimama, akashusha mguu, akatazama kwa muda.

"Leopoldi, mke amekimbia?"

"Bado," Leopoldi akajibu bila kuinua kichwa.

Lile "bado" lilimmaliza shangazi. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa mtandio, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Mwishowe akaangua kicheko hata akalazimika kushika ukuta. Baba mkwe akafuata. Mimi nilikuwa natamani kucheka na kulia pamoja, sikujua nianze na lipi.

Shangazi alipopata pumzi, alichukua kile kisu chetu cha zamani, akapaka mafuta viganjani, akaketi karibu na Leopoldi. "Tazama kidole changu gumba, wewe mwanajeshi." Wakamenya pamoja mpaka mkungu ukaisha.

Chakula kilichelewa. Zile ndizi za Leopoldi zilipochanganywa na maharage, zilikuwa ndogo kiasi kwamba baba mkwe aliuliza kama tumepata mbegu mpya ya maharage marefu.

Tulipomaliza kula, shangazi akamuuliza, safari hii kwa upole, "Sasa baba, nini kilikupeleka kununua kitu kile?"

Leopoldi alikuwa anajibandua utomvu kwenye kucha. Akasema, "Juzi alikuwa anakata nyama kwa kile kisu kibovu. Kikateleza, kikamkata. Akafunga kidole kwa kamba ya mgomba, akaendelea kupika, hakusema. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona. Nilitaka asikatike tena."

Sikujua kama aliniona. Nilikificha kile kidole chini ya kanga, kana kwamba ndiyo kwanza kimekatwa.

"Basi wewe hukukosea nia," shangazi akasema, "umekosea kununua bila kumuuliza mwenye mkono. Rudi Kayanga, na uende naye." Nguo zangu sikuzipanga.

Siku ya soko tukaenda wote wawili. Nilibeba kikapu chenye ndizi mbichi na kichupa cha mafuta. Tulipofika kwenye meza ya visu, nilichuchumaa, nikapaka mafuta, nikaanza kumenya.

"Mama, hapa ni biashara, siyo jikoni!" muuzaji akapiga kelele.

"Nitajuaje kama kinamenya?" nikamwuliza. Kimoja mpini wake uliteleza, nikakirudisha. Kingine bapa lilicheza ndani ya mpini, nikakirudisha. Kingine kilipinda nilipogusa mfupa wa mbuzi niliomwomba mwenye bucha jirani. Wanawake wakakusanyika. Mmoja akasema nimpishe naye ajaribu, mwingine akatoa karoti kwenye mfuko wake. Muuzaji alipoona wananunua, akageuza maneno: "Karibuni mjaribu! Hapa kisu kinajaribiwa!"

Niliondoka na kidogo cha ndizi na kimoja cha wastani kwa nyama na kabichi, cha mpini mweusi usio na urembo wowote. Kile kirefu nacho hakikukosa kazi. Kila harusi ya hapa Isingiro watu huja kukiazima, na kabichi za watu wengi kinazimaliza haraka sana. Shida haikuwa kisu. Jiko letu ndilo halikuwa la hoteli. Na Leopoldi siku hizi humenya ndizi vizuri kunishinda, ila usimwambie kama nimekiri.

Sasa jibu lako, mwanangu. Hiyo seti iache dukani. Kwanza kaa jikoni na Anitha siku mbili tatu, umsaidie, utazame. Anakata nini zaidi? Mkono wake ni mdogo, na anatumia wa kushoto, sijui kama umewahi kuliona hilo. Kisha mnunulie kimoja kilicho kizuri kweli, maana kati ya visu vingi vya kung'aa atatumia kimoja tu, na vingine vitakusanya vumbi. Tazama chuma kiwe kimeingia mpaka mwisho wa mpini, kisicheze. Mpini usiteleze mkono ukiwa na maji. Kiwe na uzito wa kutosha kukata chenyewe, lakini kisimchoshe. Kiwe kinanoleka nyumbani, na jiwe la kunolea ununue siku hiyohiyo. Zaidi ya yote, nenda naye, akishike mwenyewe kabla hujatoa hela. Zawadi aliyoichagua kwa mkono wake haipungui utamu.

Mungu akubariki, mwanangu. Ailinde mikono ya Anitha na kila jeraha, awape chakula cha kukata na watu wa kula nao, na akupe wewe macho ya kuona kinachomuuma mkeo hata asiposema. Amina.