Miezi Sita Niliyompa Mama

Mimi ndiye niliyesema miezi sita. Mzee mwenzangu mmoja, fundi cherehani mwenye roho laini, alikuwa ameshasema mitatu inatosha, kwa kuwa bibi mwenyewe amekiri, na wengine walikuwa wanaitikia. Mimi, katibu wa baraza la wazee wa kanisa, nikainua kalamu nikasema kanuni ni kanuni. Bibi tuliyekuwa tunamjadili alikuwa mama yangu mzazi.

Kosa lake lilikuwa pombe, ingawa hakuionja. Jirani yetu wa mtaa wa Nengo, kando ya ziwa, mjane Mkatoliki, alikuwa anaoza binti, na kwetu wageni wa mahari hawaketi bila pombe ya mtama. Mjane hakujua kuipika. Mama alijua, alijifunza kwa bibi yake kwao Masisi kabla hajaokoka. Akaotesha mtama, akauanika, akausaga, akapika kwenye jiko la jirani, akarudi nyumbani ananuka moshi na kufurahi kama msichana. Wiki iliyofuata habari zilikuwa zimefika kanisani.

Kanisa letu halina mchezo na pombe. Anayeipika anatengwa. Hashiriki Meza ya Bwana mpaka muda wake uishe, asimame mbele ya watu arudishwe kundini. Akifa kabla ya hapo, kanisa halimziki: kwaya haiji, pasta haombi, na sisi wazee tunakatazwa kufungua mdomo kaburini.

Mama aliitwa mbele ya baraza akaja na kitenge chake cha Jumapili. Hakutafuta maneno.

"Ni mi nilipika," alisema. "Ule mama alikuwa na haya ya kupokea wageni mikono mitupu. Kama nilimukosea Mungu, anisamehe."

Kisha akatuaga vizuri akatoka, na sisi wanaume saba tukabaki kupima msamaha wake ni wa miezi mingapi.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumempa miezi sita dada mmoja aliyeuza bia karibu na Grande Barrière, mpakani. Niliogopa watu wangesema katibu anamlinda mama yake. Lakini hofu ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka wanisifu, waseme yule ni mtu wa haki, hata mama yake hakumwonea huruma. Walisema. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima kama mtu mwenye viatu vipya.

Na kila Jumamosi nilikuwa nafundisha darasa la ubatizo. Niliwaambia watu, nikipiga meza, kwamba tunaokolewa kwa neema kwa njia ya imani, si kwa matendo, hakuna anayelipia, hakuna anayengoja foleni. Sikuona hata aibu.

Mama hakunigombeza. Alisema joto la ziwa linamchosha, akahamia Bugeshi kwa dada yangu mdogo, juu kwenye viazi na baridi. Nami sikumzuia, kwa sababu ilinifaa asiwe mezani kwangu kila asubuhi ananiangalia. Mwezi wa nne wa adhabu yake moyo wake ukaanza kuvimba. Hospitali wakamweka siku tisa, kisha daktari akamwita dada yangu pembeni, akamwambia mrudisheni nyumbani.

Nikaenda kwa pasta. Ni mtu aliyekulia Tanzania, mpole, Kiswahili chake kimenyooka.

"Ndugu katibu," aliniambia, "mimi sina neno. Andika ombi la kupunguziwa muda, baraza likae hata kesho. Nani atakataa?"

Hakuna ambaye angekataa, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu wangu. Ombi lingesomwa mbele ya wazee walewale, na jambo la kwanza lingekuwa kukubali kwamba miezi sita ilitoka kinywani mwangu na ilikuwa kiburi. Nilikaa na karatasi siku mbili. Niliandika tarehe na salamu, basi. Naona haya kuliandika hili hata sasa, lakini mama yangu alikuwa anakata roho mlimani na mimi nilikuwa nalinda jina.

Jumapili ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Nilibeba sahani ya mkate kama kawaida, na nilipofika nyuma ambako hakuna aliyeniona, nikaficha kipande kimoja kwenye leso. Niliiba mkate wa Bwana kwa sababu kuiba kulikuwa rahisi kuliko kuomba radhi. Ibada ilipoisha nikapanda pikipiki mpaka Bugeshi.

Mama alikuwa ameegemezwa mito mitatu, maana akilala chali pumzi haiji. Dada yangu alikuwa nje anamenya viazi. Nikafungua leso, nikamwambia nimemletea ushirika.

"Miezi imeisha?" aliuliza.

"Bado miwili."

"Donc, basi umeiba."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mpaka kikapita.

"Mutoto yangu, sikiliza," alisema. "Mi Mungu alinisamehe ile siku ile nilisema. Sijangoja hata saa moja. Ni nyiye muko munahesabu miezi. Huu mukate unaniletea mi, ao unajiletea we?"

Nilitaka kumwambia ni wake. Badala yake nikajikuta naeleza yote: kwamba wenzangu walisema mitatu, kwamba mimi ndiye niliyesema sita, na kwa nini. Miezi yote ile nilidhani hajui.

"Najua," alisema. "Muke ya fundi cherehani aliniambia kesho yake. Nilikusamehe zamani. Ungeona namna nilikuwa nakupikia chai ile wiki, ungejua."

Akachukua kipande kutoka kwenye leso kwa vidole vilivyovimba, akakigawa, nusu akaweka mdomoni mwake, nusu akanipa.

"Kula. Mwenye iko na njaa ni we. Hakuna kazi ya kufanya hapa, ni kusema tu aksanti."

Nikaweka mkate mdomoni. Ukakaa juu ya ulimi, sikuumeza. Nilikuwa tayari kwa chochote kingine: anitukane, anipe adhabu, aniambie nipige magoti mbele ya kanisa zima. Msamaha wa bure sikujua pa kuushikia. Mama akafumba macho, akidhani nimemeza. Nikatoka nikapita nyuma ya jiko, nikautema kwenye majani ya viazi.

Alifariki Jumanne asubuhi, dada yangu akiwa anamlisha uji.

Tulimzika Bugeshi. Kwaya haikuja. Pasta alikuja bila Biblia, akasimama nyuma na kofia mkononi. Yule mjane wa Nengo ndiye aliyepanda na wanawake wenzake wa parokia, wakaimba nyimbo zao za Kikatoliki kwa sauti ya kulia, na hakuna aliyewazuia. Mimi kama mtoto wa kwanza niliombwa kusema neno, nami kama mzee wa kanisa nilikatazwa kuomba. Kwa hiyo nilishukuru. Niliwashukuru waliochimba, majirani walioleta viti, wanawake walioimba, mwenye gari lililobeba jeneza. Shukrani zangu zilikuwa ndefu na zimepangika vizuri, na watu walisema nimejikaza.

Jioni wageni walipopungua, dada yangu alikuja kukaa karibu nami kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Kaka, ile Jumapili nilisikia munaongea na mama. Alikuambia nini?"

"Alisema amenisamehe."

"Na we ulimujibu nini?"

Nikamwambia kwamba sikumjibu, hata asante sikumwambia.