Sala Ndefu Juu ya Makaroni ya Mama Kahindo

Siku ile mzee aliponigeukia akasema, "Mukwe, omba wewe," ningejibu tu, "Hapana baba, wewe njo mukubwa," nikamwachia sala, nikainamisha kichwa, na mambo yangeishia hapo, chakula kingeliwa kikiwa cha moto na mimi leo ningekuwa na habari nyingine ya kuwasimulia. Sikukataa. Nilikubali, tena upesi, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa, na aibu niliyoipata nimeibeba mpaka mvi zimenijaa, kwa hiyo chekeni tu, mimi nimeshazoea.

Ilikuwa Butembo, upande wa Bulengera, miaka ile ya vita yetu ya pili, wakati waasi walikuwa wanatutawala na kila mwezi ulikuwa na mkubwa wake. Pale Bulengera palikuwa na nyumba ya matofali yenye bati jekundu ambayo watu wote waliiita "Kwa Mutaliano". Mutaliano mwenyewe hakuwepo. Alikuwa mzee wa Kiitalia mwenye shamba la kahawa kwenye njia ya Beni, na vita ya kwanza ilipoanza alipanda ndege akaenda kwao, akamwachia mpishi wake, Mama Kahindo, sufuria zake na mashine ndogo ya chuma ya kutandaza unga uliokandwa. Mwingine angeiuza ile mashine siku ileile. Mama Kahindo aliifunga kwenye meza, akajenga tanuru la udongo nyuma ya nyumba, akaanza kupika chakula cha Kiitalia katika mji wenye vita, akiwapikia watu waliozoea ugali wa bundu na kisamvu cha sombe.

Na alipika, ndugu zangu. Unga wa ngano aliutoa kwenye milima ya Lubero, jibini pia ilishuka kutoka kule ikiwa duara kama jiwe la kusagia, nyanya zilipanda kutoka Beni kwenye joto, na kwenye mchuzi alitia lumbalumba, majani yaleyale mama zetu wanayotia kwenye sombe, kwa sababu alisema yale ya Mutaliano yalikuwa ndugu yake, ni safari tu iliyowatenganisha. Makaroni aliyakata kwa kisu na kuyaning'iniza kwenye kamba safi kama nguo za mtoto. Asubuhi ya baridi, ukungu bado uko kwenye mikaratusi, ulisikia harufu ya kitunguu saumu na mkate wa tanuru mpaka barabarani, ukasahau kwamba usiku ulilala chini ya kitanda kwa sababu ya risasi. (Wazee wengine waliomba bundu kidogo pembeni ili washibe. Aliwapa bila kucheka. Alicheka jikoni.)

Alikuwa na amri moja. Watu wote walioko ndani wasimame, mtu mmoja aombe, tena kwa kifupi, ndipo sahani zitoke. "Makaroni haingojake mutu," alisema. "Mutu njo anangojaka makaroni." Mapadre walisimama, wafanyabiashara walisimama, na hata askari waliegemeza bunduki zao ukutani wakasimama, wakishika kofia mkononi. Mimi sijaona tena nyumba iliyokuwa na heshima kama ile, na haikuwa na mlinzi.

Mimi nilikuwa nauza vipuri vya baiskeli, nilikuwa nimemaliza sekondari (jambo ambalo nililitaja mara nyingi kuliko lilivyohitaji), na kanisani nilikuwa kiongozi wa vijana mwenye sifa ya kuomba sala nzuri. Kila Jumamosi nilikula kwa Mama Kahindo. Mwanzoni nilienda kwa ajili ya makaroni, baadaye kwa ajili ya Masika, binti yake, aliyekuwa analeta sahani na kunisema: "Wewe unasokota makaroni kama mutu anafunga mbuzi." Nilimpenda kwa hilo na kwa mengine. Tulikubaliana. Mama yake alikubali. Ila baba yake alikuwa amekufa, na kwetu Wanande mbuzi za mahari hazipokelewi na mama, kwa hiyo ilibidi Baba Paluku, kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa kule Mangina, aje anione kwanza. Akinikubali, ningeleta mbuzi. Akinikataa, hakuna Masika. Ni hivyo tu.

Alifika Jumamosi mchana, vumbi la njia limempaka hadi nyusi, na Mama Kahindo akatuweka kwenye meza ya dirishani, mzee, mimi, na rafiki yangu Mumbere niliyekuja naye awe msemaji wangu. Mzee aliigeuzageuza uma mkononi kama mtu anayekagua jembe asilotaka kulinunua. Aliniuliza ukoo wangu, kanisa langu, kazi yangu. Nilijibu vizuri. Mumbere alinisifu mpaka nikaona haya. Mzee akaanza kutabasamu, na Masika, akipita na glasi, alinitazama mara moja tu, na moyo wangu ukatulia.

Ndipo akaingia komanda.

Alikuwa mkubwa mpya, mtu wa mkoa wa Équateur, mbali upande wa magharibi, mrefu, Kiswahili chake alikiokota njiani akakichanganya na Kilingala cha kwao. Alikuja na walinzi wake, wakaegemeza silaha ukutani kama desturi, wakakaa meza ya katikati. Mama Kahindo akatoka jikoni, akajifuta mikono, akasema, "Tusimame. Baba Paluku, wewe njo mugeni wetu, omba kidogo, makaroni imeisha kuiva."

Mzee aliwatazama askari. Nadhani hakupenda kuomba mbele yao. Akanigeukia: "Mukwe, omba wewe."

Mukwe. Aliniita mkwe mbele ya watu. Nilitazama kama Masika amesikia (alisikia, alikuwa mlangoni mwa jikoni na bakuli kubwa linalofuka moshi), na badala ya kumrudishia mzee heshima yake, kijana gani asiyejua kwamba mtu wa kuposa hasemi kabla ya wakubwa, nilifunga macho na kufungua mdomo.

Nilianza na chakula. Hapo ningeacha. Nikamshukuru Mungu kwa ngano, kwa milima iliyootesha ngano, kwa mvua. Nikawaombea wajane na yatima. Nikawaombea wagonjwa, na wasafiri wa njia ya Beni, na madereva wao, na mvuke wa makaroni naunusa unapungua, lakini sauti yangu ilikuwa imekwisha kupata mwendo, na nyinyi mliokuwa makanisani wakati ule mnajua sala zetu zote zilikuwa zinapita njia moja, baada ya wasafiri yanakuja maneno yaleyale, tulikuwa tunayasema hata kwenye ubatizo, hata kwenye mazishi, ulimi ulikuwa unayajua kama mguu unavyoijua njia ya nyumbani. Mumbere alinikanyaga. Nikadhani ameguswa na Roho. Nikapaza sauti:

"Na tena Bwana, tunakusihi, utuondolee watu hawa wenye bunduki, warudi makwao walikotoka, wasikanyage tena shamba la mtu."

"Amina," nyumba nzima ilijibu, kwa nguvu, maana walikuwa wamezoea. Mmoja wa walinzi wa komanda naye alijibu amina. Nilisikia.

Hakuna aliyekaa. Nilifungua macho, na kitu cha kwanza nilichokiona ni zile bunduki ukutani.

Mtu mwenye akili angekaa chini akala. Mimi nilifunga macho tena, nikaongeza: "Bwana, sikusema hawa walioko hapa. Nilisema wale wengine."

"Bale bengine ni banani?" komanda akauliza. Hakufunga macho yeye.

"Wale wa ng'ambo ya mpaka," nikasema, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba wa ng'ambo ya mpaka walikuwa rafiki zake, waliompa hata viatu alivyokuwa amevaa.

Komanda aliweka kofia mezani. Akatazama chumba chote polepole, meza, picha ya Mutaliano, mlango wa jikoni. Siku zile nyumba ya mtu ilifungwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na sote tulijua.

"Mobali oyo, huyu mwanaume, ni nani hapa?" akauliza. "Ni mutoto wa hii nyumba?"

Baba Paluku alijibu kabla ya mtu mwingine. "Hapana, komanda. Hatumujuwe. Ni kliya tu, muteja, alikuya kula."

Komanda akanigeukia. "Njo vile?"

Niliona mzee anaiokoa nyumba ya ndugu yake, nami nikaona niisaidie, na nisiwafiche, niliona pia nijisaidie mwenyewe. "Njo vile, komanda," nikasema. "Mimi nilikuya kula tu. Hapa sina mutu."

Masika alikuwa bado mlangoni na bakuli.

Mama Kahindo alilichukua bakuli mikononi mwake. Alilibeba mwenyewe mpaka meza ya katikati, akalitua mbele ya komanda, akaanza kumpakulia bila haraka, kama vile hakuna lililotokea. Sijawahi kuona mikono tulivu namna ile.

"Komanda," akasema, "mama yako iko wapi?"

"Kule kwetu. Équateur."

"Alikuona lini?"

Komanda aliishika kofia yake pale mezani. "Zamani," akasema.

"Sasa huyu kijana anaomba ufike kwenu, umuone mama yako. Wewe unakatala nini? Mimi ningekuwa mama yako, ningesema amina mara mbili." Akamtilia jibini juu. "Ikala chini sasa. Makaroni haingojake hata jenerali."

Mlinzi mmoja alikohoa. Komanda alimtazama yule mwanamke kwa muda, mwanamke mfupi mwenye unga kwenye viwiko, halafu akacheka, kwanza kidogo, kisha mabega yote, akakaa, akasema, "Amina, mama. Eza bongo, njo vile. Amina." Akala. Akaomba aongezewe. Alipoondoka alimshika Mama Kahindo mkono kwa mikono yake miwili, na mimi hakunitazama kabisa, nilikuwa nimekwisha kutoka kwenye mawazo yake.

Sisi tulikula makaroni yaliyopoa. Yalikuwa matamu hata hivyo, na hilo liliniumiza zaidi. Mzee alikula akitazama nje ya dirisha. Sahani yangu aliileta jirani aliyekuwa anasaidia kuosha vyombo.

Nje Mumbere alishindwa kujizuia. "Kwa nini haukunyamaza?"

"Na wewe ulinikanyaga kwa nini?"

"Nilikukanyaga unyamaze, siyo uongeze."

"Si uliona mambo yameisha vizuri?"

"Kwa nani?" akasema Mumbere.

Kesho yake, baada ya ibada, nilimfuata Baba Paluku kabla hajarudi Mangina. Nilimwambia hatari imepita, sasa tuendelee na habari ya mbuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, alikuwa mtu mpole.

"Mwanangu," akasema, "batu bote balisikia nikisema hatukujuwe. Mbuzi ya mutu mwenye hatumujuwe, tutaipokea namna gani?"

"Lakini baba, wewe njo ulianza."

"Njo mimi. Nitatubu. Ila mimi nilikukana wewe, mutu nilikutana naye jana. Wewe ulimukana Masika."

Nilienda kwa Masika mwenyewe, nikamkuta nyuma ya nyumba anatundika makaroni kwenye kamba. Nilieleza, na nikieleza mimi mnanijua, sikosi maneno. Aliendelea kutundika.

"Sina kasirani," akasema. "Mama naye aliogopa, lakini alitoka. Wewe ulisema hapa hauna mutu. Mimi nilikuwa nasimama pale na bakuli. Nilikuwa nani?"

Nilisema ningesema nini kingine mbele ya bunduki.

"Ungenyamaza," akasema. "Ile ya kunyamaza haukuweza tangu mwanzo."

Mama Kahindo hakunifukuza. Alinisalimu kila tulipokutana sokoni, akaniuliza habari za nyumbani, akaniambia Jumamosi pako wazi. Sikuenda. Aliendelea kupika vita ile yote, wakubwa wakaja wakabadilika, wote wakasimama kwa sala yake, na sijasikia hata mmoja aliyethubutu kuifunga nyumba ile. Alipozeeka alizima tanuru mwenyewe, kwa wakati wake. Ningependa watu wa Butembo wakumbuke hivyo: katika miaka ambayo wanaume tulikuwa tunakana hata majina yetu, mwanamke mmoja alitulisha chakula cha watu wa mbali na kuwasimamisha wenye silaha kwa kijiko.

Leo mkinialika mezani na kuniambia niombe, namwachia mkubwa wangu, na kama mkubwa ni mimi mwenyewe, nasema, "Bwana, bariki chakula, amina," na wajukuu wa kaka yangu wanasema babu anamwogopa Mungu kidogo. Wacha waseme.

Masika aliolewa Mangina na mkulima wa kakao, mtu wa maneno machache, wakazaa, wanazeeka pamoja. Mimi sikuoa. Kukubali kwangu kuomba siku ile kulinigharimu Masika, na meza ya mama yake, na katika hivyo viwili sijapata tena hata kimoja.