Nilitafuta motherboard ya zamani inayokubali RAM ya server, kumbe Ata Akiru ameikalia sokoni Lodwar

Wakuu, habari za huko mliko.

Huku Lodwar jua la leo halina utani. Nimefunga duka kidogo nikaona niwaandikie hiki kisa kabla hakijanitoka. Nitakieleza kama kilivyotokea, hata zile sehemu ninazoonekana mjinga, na ziko kadhaa.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kwetu ni Bungoma lakini Turkana imenishika mwaka wa saba sasa. Nina kibanda hapa mjini, nashirikiana na jamaa anaitwa Ekal. Yeye ni mwenyeji, anatengeneza simu na redio. Mara moja kwa mwezi napanda Kakuma kuangalia mashine za watu.

Huko Kakuma kuna mwalimu Mkongomani, Mwalimu Neema. Anafundisha akina mama kompyuta kwenye chumba cha mabati pale kambini. Ana kompyuta moja na skrini nane. Mashine moja inabeba kazi yote, wanafunzi wana skrini, kibodi na mouse tu.

Ni mpango mzuri kwa mtu asiye na kitu, lakini hiyo mashine moja lazima iwe na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya kutosha. Yake ilikuwa na 4GB. Wakiingia watu watatu inaganda. Wale watano wengine wanakaa kwenye mkeka wakingoja zamu, wengine na watoto mgongoni.

Sasa wasimamizi wa chumba wakamwambia kwamba muhula ukiisha skrini zote nane hazijafanya kazi, chumba kinapewa kikundi kingine. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja na kitu.

Nikamwambia, "Mwalimu, hilo niachie mimi."

Nilikuwa na jeuri kwa sababu rafiki yangu wa Nairobi alikuwa amenitumia vijiti vinane vya RAM vilivyotolewa kwenye server kuukuu. 8GB kila kimoja. Piga hesabu mwenyewe. Nikasimama mbele ya darasa zima nikaahidi kwamba mwezi ujao hakuna mtu atakaa kwenye mkeka. Wakapiga vigelegele. Mama mmoja wa Sudan Kusini alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia hivyo muda mrefu.

Wakuu, msiwahi kuahidi kitu ambacho hamjakijaribu.

Nilirudi Lodwar, nikachukua desktop yangu nzuri, nikachomeka RAM. Iliingia kwenye slot vizuri kabisa. Nikawasha.

Pii. Pii. Pii. Skrini nyeusi.

Nikasafisha, nikabadilisha slot, nikabadilisha board. Pii. Board ya tatu nayo vilevile.

Kwa wale ambao hamjakutana na hii kitu: RAM ya server nyingi ni "registered". Ukiiangalia haraka ni DDR3 kama zingine, hata mkato wake wa chini uko palepale, ndiyo maana inaingia. Lakini katikati ina chip ndogo ya ziada, na board za kawaida haziwezi kuongea nayo. Ekal aliishika moja akaigeuza akasema, "Si iko na alama? Ni kama mbuzi, unaangalia sikio kwanza ndio unajua ni ya nani." Miaka yote hii ya ufundi, na mimi sikuangalia sikio.

Nilihitaji motherboard ya workstation ya zamani, zile kompyuta za ofisini za kazi nzito, soketi 2011, yenye slot nane. Nikapiga simu Kitale, wakanicheka. Eldoret wakaniambia niagize nje, nisubiri. Nikauliza hata kwa watu wa Kalemng'orok na Lokichar, maana huwezi jua ofisi gani imefunga ikaacha nini.

Wiki mbili zikaisha. Mwalimu Neema akanitumia voice note: "Papa Fundi, bamama banauliza. Niwaambie nini?"

Sikumjibu siku mbili. Niliona aibu, wakuu. Nilikuwa naiona hiyo mikono miwili kila nikishika simu.

Siku ya tatu Ekal, akiwa ameinamia redio ya mtu, akasema bila kuinua kichwa, "Hiyo sanduku kubwa unatafuta, si ndiyo Ata Akiru anakalia?"

Ata ni bibi kwa Kiturkana, ndivyo tunavyowaita akina mama wazee. Huyu Ata Akiru anasuka vikapu vya majani ya mkoma pale sokoni. Nimempita mara elfu. Sijawahi kuangalia amekalia nini.

Nikaenda mbio. Kweli bwana, alikuwa amekalia tower nyeusi ya kompyuta, chuma kizito, imelazwa ubavu, juu ameweka kipande cha ngozi ya mbuzi. Nikazunguka nyuma, nikapiga magoti, nikawasha tochi ya simu nisome stika. Fikiria mtu mzima amepiga magoti nyuma ya bibi wa watu katikati ya soko.

"Wewe," akasema, "unatafuta nini huko chini yangu?"

Watu wakacheka sana. Mimi nilikuwa nimeshasoma model na kuitafuta kwenye simu. Slot nane. Inakubali registered.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Nilisimama, nikajipangusa vumbi, nikasema, "Mama, hii unauza pesa ngapi?"

Akageuza uso kando akaendelea kusuka. Nikataja bei. Nikaongeza. Akasema, "Mimi hapana uza kiti yangu. Enda."

Nilirudi dukani nimenuna. Ekal alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Umeuliza bei kama mtu wa kununua vitunguu. Hata jina yake hujauliza, hujakaa chini. Huku mtu anaombwa. Ukiomba na yeye akupe, kesho na yeye atakuomba, na hutakataa. Hapo ndio mnajuana."

Mimi nilikuzwa kwamba kuomba ni aibu, kulipa ndiyo heshima. Miaka saba Turkana na bado sikuwa nimeelewa kwamba huku mambo si hivyo.

Kesho yake asubuhi nikaenda na Ekal. Tukakaa chini kwenye mchanga. Tukamsalimu, "Ejok, Ata." Akajibu, "Ejok noi," yaani nzuri sana. Tukaongea habari ya mvua, ya mbuzi, ya watu wao walioko Kaikor. Halafu nikamweleza yote, darasa, mkeka, ahadi yangu, hata ile pii pii. Ekal alitafsiri nilipokwama. Mwisho nikasema, "Ata, nakuomba hiki kiti. Nipe."

Akaacha kusuka.

Akatuambia marehemu mume wake alikuwa mlinzi wa ofisi moja hapa mjini. Ofisi ilipofungwa, waliambiwa kila mtu achague kitu. Wenzake walibeba meza na magodoro. Yeye alibeba hiyo sanduku kwa bega mpaka nyumbani. Majirani walimcheka, wakasema amebeba jiwe.

"Yeye alisema hii iko na akili ndani. Alisema siku moja mtu atakuja kuomba." Akanigeukia. "Wewe ulikuja na bei. Nikajua si wewe."

Macho yalinijaa, nakiri, nikasingizia vumbi.

"Sasa na mimi nitakaa wapi?" akauliza.

Akaomba kiti changu cha dukani, kile cha magurudumu. Pia akaomba kwamba sanduku ikiamka, apelekwe aione. Nikakubali yote mawili. Mpaka leo nafanya kazi nimekalia kreti ya soda, na yeye anazunguka juu ya kiti changu sokoni kwa madaha.

Ndani ya tower kulikuwa na vumbi la kujaza sufuria na nyuzi za mkoma. Nikasafisha siku nzima, nikabadilisha betri ya board. Nikawasha, pii! Nilitaka kulia. Kumbe niliacha vijiti viwili vya zamani vikichanganyika na vyangu. Wakuu, registered haichanganywi na ile ya kawaida. Nikavitoa, nikajaza slot zote nane, nikawasha tena. Ikasoma 65536 MB, yaani 64GB kamili. Ekal alinikumbatia, na si mtu wa kukumbatia.

Wakati wa kuweka mfumo, mashine iliniuliza jina lake. Kawaida naandika "server1" naendelea. Nilisita, nikamuuliza Ekal jina la marehemu mume wa Ata. Akaniambia alivyoitwa kwa heshima, jina la maksai wake mwekundu, kama wanaume wa hapa wanavyoitwa. Apaloreng. Nikaandika hivyo. Sikumwambia Ata.

Tulienda Kakuma watatu, kwa pickup ya rafiki. Ata Akiru alikaa mbele na dereva, tower tumeifunga blanketi. Zilikuwa zimebaki siku nne muhula uishe.

Mwalimu Neema alimpa Ata kiti karibu na mashine. Nikachomeka, nikawasha. Skrini ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne nilishika pumzi. Zikawaka zote nane, na juu ya kila moja kuna jina la mashine.

Mwalimu akafanya walimu wanachofanya. "Bamama, someni kile kimeandikwa hapo juu. Mumoja mumoja."

Mama wa kwanza akafuata herufi kwa kidole. "A-pa-lo-reng."

Ata Akiru aligeuka haraka akaangalia mlangoni.

Wa pili akasoma. Wa tatu, yule wa Sudan Kusini, akasoma kwa sauti. Ekal akainama akamweleza Ata kwa Kiturkana kwamba limeandikwa pale, kwenye skrini zote. Ata aliweka kiganja juu ya tower, feni ikizunguka ndani, akakiacha hapo mpaka mama wa nane alipomaliza.

"Iko na joto," akasema.

Hilo darasa lipo mpaka leo, na chumba hakikuchukuliwa.

Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kuahidi RAM, soma alama yake. Na kabla ya kumtajia mtu bei, kaa chini kwanza, huenda amekuwa akikusubiri wewe. Kama una board ya zamani iliyokubali RAM ya server, itaje hapa chini na ulivyoipata, itasaidia wengine. Mnaotaka kunicheka kwa kupiga magoti sokoni, nawaruhusu.

Jana Ata alipita dukani. Hakusalimia hata, akauliza, "Apaloreng amelala?"

Nikampigia Mwalimu Neema, nikaweka loudspeaker. "Hapana Mama," Mwalimu akasema, "iko macho, banaandika."

Ata akaitikia kwa kichwa, akaniomba sukari. Nikampa.