Pumzi ya Nyumba ya Mawe

Nakhumicha alijifunza kuustaajabia moto kabla hajajua kusoma. Baba yake, mzee Wanyonyi, alikuwa mtunza boila, tangi kubwa la kuchemshia maji, katika kiwanda kimoja mjini Nakuru, na mara nyingine alimbeba binti yake hadi kwenye kioo kidogo kilichokuwa ubavuni mwa boila ili achungulie. Mle ndani hamkuwa na cheche kama za jikoni kwao. Kulikuwa na mng'aro mmoja uliotulia, kama kitu kilichokuwapo kabla ya watu. Mtoto alinyamaza. Hata alipokuwa mtu mzima, fundi wa gesi anayeitwa kazini Kiamunyi leo na Naivasha kesho, bado alinyamaza kila alipowasha.

Unyamavu huo ulikuwa na sababu nyingine. Katika nyumba za reli alikokulia, jirani yao Ooko na mkewe waliingiza jiko la makaa chumbani msimu wa baridi, wakafunga mlango. Walikutwa wamelala kama watu waliochoka tu. Nakhumicha hakuwahi kulizoea wazo hilo, kwamba moto unaompa mtu joto unaweza pia kumchukua bila kelele wala harufu.

Julai hii aliitwa juu ya bonde la Subukia, kwa bibi mmoja, Shosho Wamuyu, ambaye yeye na marehemu mumewe walinunua sehemu ya shamba la mzungu pamoja na nyumba yake ya mawe. Huko juu ukungu huamka na watu na kulala na watu. Mjukuu wake Sue alikuwa amejifungua kabla ya miezi kutimia, na hospitali ilimruhusu aende nyumbani kwa sharti moja tu: mtoto akae penye joto siku zote. Mtoto mwenyewe alikuwa mdogo kiasi kwamba Shosho alimshika kama mtu anayebeba maji viganjani. Wana wa Shosho wakachanga, wakanunua hita kubwa ya gesi.

Nakhumicha alifika asubuhi. Mtungi aliuweka nje, ukutani, kwa sababu gesi ikivuja ni heri ivujie angani. Bomba la moshi aliliingiza kwenye chimni ya zamani, baada ya kutoa kiota cha ndege na masizi ya miaka. Kila kiungo alikipaka povu la sabuni, akasubiri aone kama litafura, dalili ya gesi kuvuja. Halikufura. Akawasha. Mwali ulitoka wa manjano, umelegea, ukilamba chuma. Akaifungua hewa kidogokidogo kwa bisibisi mpaka mwali ukasimama, ukawa wa buluu kama anga ya Januari. Shosho Wamuyu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajifanyia ishara ya msalaba.

Fundi mwingine angefunga mfuko wake hapo. Yeye alikuwa na desturi yake: haondoki mpaka ajaribu hita wenye nyumba wakiwa ndani, wameketi wanavyoketi kila siku. Kwa hiyo kina mama wa kanisa walipofika kumwona mtoto, na uji wao kwenye vibuyu, alifurahi. Alipewa kiti na chai.

Mama Kihara, kiongozi wao, alimtazama kutoka buti hadi kofia. Akauliza, kama wanawake ndio wanaotengeneza gesi siku hizi, wanaume watafanya nini.

"Wataota moto, mathe," Nakhumicha akamjibu, na wakacheka mpaka Sue akawanyamazisha.

Mlango ukafungwa. Chumba kikapata joto zuri, la kumfanya mtu avue sweta. Wakaimba wimbo mmoja polepole. Nakhumicha hakuimba. Alikuwa anautazama mwali, na mwali ulikuwa umeanza kubadilika, ncha zake zikigeuka manjano. Akainuka, akawasha kijiti cha kiberiti, akakizima, akakishika karibu na mdomo wa hita mahali ambapo moshi unapaswa kuvutwa kwenda juu.

Moshi ulisita. Kisha ukageuka, ukamrudia usoni.

Alifunga gesi. Mama Kihara akalalamika kwamba mtoto ataingiwa na baridi. Nakhumicha aliinua macho. Juu ya madirisha yote, matundu ya hewa yaliyojengwa pamoja na nyumba yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa, vimekunjwa na kusukumwa ndani kwa uangalifu mkubwa, hakuna hata ufa uliosahauliwa. Asubuhi hayakuwa yamezibwa.

"Ni mimi," Shosho Wamuyu akasema. "Ulipokuwa nje na mtungi. Nililea watoto saba hivyo, upepo usiwaingie."

"Shosho, ulipowalea hao saba ulikuwa na moto ndani?"

"Jikoni. Kule nje."

"Moto huu uko ndani na mtoto. Unapumua hewa yake. Ukikosa hewa ya kutosha, unarudisha sumu, na hatutaisikia."

Bibi alimtazama mtoto. Kisha akavuta stuli, akapanda mwenyewe, akakataa kushikwa mkono, akaanza kung'oa vitambaa kimoja baada ya kingine. Baridi iliingia kama mgeni asiyebisha hodi. Sue akamfunika mtoto blanketi la pili. Nakhumicha akasubiri, akawasha tena, akashika kijiti.

Safari hii moshi ulijikunja, ukawa uzi mwembamba, ukaingia hitani bila kutikisika. Mama Kihara aliomba kiberiti, akajaribu mwenyewe, halafu mwenzake, halafu mwingine, kila mmoja akiinama kama anayechungulia kisimani, na kila mara chimni ilivuta moshi.

"Kumbe nyumba inapumua," Shosho Wamuyu akasema kwa sauti ya chini. "Na mimi nilikuwa nimeikaba."

Mtoto alikuwa amelala, kifua chake kikipanda na kushuka chini ya blanketi. Nakhumicha alitoka nje kukagua mtungi mara ya mwisho. Hakukuwa na moshi wa kuonekana juu ya chimni. Lakini ukungu uliokuwa umelalia paa ulikuwa umetobolewa na joto pale juu, tundu la mviringo lililo wazi kabisa, na ndani yake anga. Akawaita kina mama waje waone. Walisimama shambani, shali vichwani, nyuso juu.