Nimeingia msibani na baiskeli

Leo nimeingia kwenye msiba wa watu napiga mluzi, baiskeli iko kasi.

Si mnajua nimehamia Mafinga kutoka Mbeya? Asubuhi nikasema ngoja niujue msitu. Nikapata kijia katikati ya paini, kinateremka vizuri mno, mimi naachia tu.

Kijia kikaishia uani kwa watu.

Turubai. Akina mama na kanga zao. Wimbo wa kanisani ukakatika, wote wananitazama.

Nikashuka, nikavua helmeti. Kaka wa marehemu akaja. "Karibu, mgeni. Umetokea wapi?"

Kwa woga nikajibu, "Mbeya, Iyunga."

"Mbeya! Kwa baiskeli!"

Habari ikazunguka turubai zima. Nikafungua mdomo nieleze, nikakabidhiwa koleo. Huku mwanaume hasimami bure msibani.

Jamani, nimechimba kaburi la mtu nisiyemjua, nikiwa na kaptura ya kubana.

Tulipomaliza kuzika nikamfuata mjane. Roho ilikuwa inanisuta.

"Mama, pole sana. Ila mimi nilipotea njia tu."

"Najua, mwanangu. Nilikuona ulivyofunga breki." Akanishika mkono. "Ungeweza kugeuza. Hukugeuza."

Nikaanza kuvaa helmeti.

"Ila shemeji yangu usimwambie," akaongeza. "Ameshapiga simu Iringa nzima."

Kwa hiyo siku ya kuanua tanga nimeagizwa nisikose. Na baiskeli nije nayo, kuna ndugu hawajaamini.

Nyie mngefanyaje?